Nani Anasimamia Maji Yaliyo Chini ya Nairobi?

Fundi wa pampu alitoa utepe wake kwenye gunia, akafungua kifuniko cha kisima chetu, akaanza kuuteremsha polepole kupitia bomba jembamba lililo kando ya lile kubwa. Utepe huo una alama kama ule wa fundi cherehani, ila huu ni wa mamia ya mita, na nchani una chuma ambacho kikigusa maji huwasha taa ndogo huku juu na kutoa mlio. Tulisimama kimya, fundi, keateka anayelitunza jengo letu na mimi, tukisubiri mlio huo. Ulipokuja, fundi aliubana utepe kwa vidole viwili, akasoma, akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Kisha akaniomba ripoti ya siku kisima kilipochimbwa, ninayoiweka kwenye faili moja na hati za ploti. Tangu siku ile maji yalikuwa yameshuka mita 25.

“Mama, pampu yako haina neno,” akaniambia. “Ni maji yameikimbia. Tukiongeza mabomba tutayafuata huko yalikoenda.”

Keateka akauliza, “Sasa nani ameyachukua?”

Nimeishi na swali la keateka tangu siku hiyo, na nimejifunza kwamba jibu lake halipatikani kwa kuchungulia ua wa jirani. Linaanzia Limuru na kuishia karibu na Malindi, na katikati yake limo jambo ambalo wengi wetu tunaomiliki visima hapa mjini hatukuwahi kuelezwa.

Tuanze na kilichoko chini. Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano iliyomwagika kwa awamu nyingi, mtiririko juu ya mtiririko, muda mrefu kabla ya binadamu kuwepo. Fikiria chapati zilizopangwa kwenye sahani, na kati ya chapati moja na nyingine kumepakwa mchuzi. Chapati zenyewe ni lava ngumu, kama ile fonolaiti nyeusi inayowachosha wachimbaji wa vyoo kule Embakasi. Lava hiyo haipitishi maji ila kwenye nyufa. Mchuzi ni kile kilichokaa juu ya kila mtiririko kabla ya mwingine kuja kuufunika: majivu, kokoto, mchanga wa maziwa ya zamani, udongo uliooza. Humo ndimo maji yalimo. Tabaka linalotegemewa zaidi na visima virefu vya mji huu wanajiolojia huliita Athi ya Juu, na visima vingi hulazimika kwenda mita 200 au 300 ili kulipata.

Sahani yenyewe imeinama. Upande wa magharibi, kuanzia Ngong na Kikuyu hadi Limuru, ardhi iko juu, Limuru ikiwa kwenye mita kama 2,200 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki, kuelekea mji wa Athi River, inashuka hadi kama mita 1,500. Mvua inayonyesha magharibi hupenya ardhini huko, kisha huanza safari ya chinichini kuelekea mashariki. Ni safari ya taratibu mno. Maji niliyotekea chai leo asubuhi hayakunyesha msimu uliopita, wala uliotangulia.

Ndiyo maana fundi anayechimba huandika vipimo viwili kwenye ripoti yake, na watu wengi hawaelewi kwa nini viwili. Kimoja ni kina ambapo mashine ilikutana na maji. Cha pili ni kina ambapo maji hayo yalitulia baada ya kupanda ndani ya kisima, na mara nyingi huwa juu zaidi kwa makumi ya mita. Yanapanda kwa sababu yalikuwa yamebanwa kati ya chapati mbili, huku uzito wa maji yaliyoko kule juu magharibi ukiyasukuma. Ukitoboa chapati ya juu, yanapumua.

Kubanwa huko ndiko kunakofanya visima vya Nairobi visumbuane kwa namna ya pekee. Ukichota maji kwenye mchanga ulio wazi, kama ule wa kando ya mto, kila mita moja maji yanaposhuka katika eneo la mita moja ya mraba unaweza kupata lita 100, hata 200, kwa sababu mchanga wenyewe unamiminika. Kwenye mwamba uliobanwa, mshuko huohuo wa mita moja mara nyingi hautoi hata lita moja, kwani mwamba haumwagi maji yake. Unachopata ni msukumo tu ukipungua. Kwa hiyo, ili pampu ijaze tangi lako, lazima ishushe msukumo huo katika eneo pana sana kukizunguka kisima. Ukiweza kuona chini ya ardhi ungeona umbo la faneli, shingo yake iko kwenye pampu yako na mdomo wake umetanuka hadi chini ya nyumba za watu usiowajua hata kwa sura.

Na faneli hujumlishana. Tuseme kisima changu kinashusha maji mita tatu pale kilipo kisima cha jirani, na cha mwingine ng’ambo ya barabara kinashusha mita nyingine tatu palepale. Jirani yule amepungukiwa mita sita kabla hajabonyeza swichi ya pampu yake. Akichelewa kulala apate maji ya usiku, anayakuta chini. Naye akishusha pampu, faneli yake inazidi kuwa ndefu, nasi tunashusha zetu. Hakuna aliyeiba, na wote tumepungukiwa.

Wateso wana pombe yao, ajono, inayonywewa na watu walioketi kuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mwenye nyumba huongeza maji moto kila kiwango kinaposhuka. Mtu akirefusha mrija wake haongezi chochote mtungini. Nikimwona landilodi akijivunia kwamba kisima chake ni kirefu kuliko vyote mtaani, ni mtungi ule ninaoukumbuka, na swali la maana kwangu ni nani anaongeza maji moto, na kwa kasi gani.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu, na kosa lenyewe linasikika kuwa la busara. Husemwa: pima mvua inayopenya ardhini kwa mwaka, kisha ruhusu watu wachote kiasi hicho, basi hakuna kitakachopungua. Mwaka 1940 Charles Theis, mtaalamu wa maji katika idara ya jiolojia ya Marekani, alieleza kwa nini haiendi hivyo. Kabla ya kisima cha kwanza kuchimbwa, mwamba ulikuwa umefikia mizani yake: yaliyoingia yalikuwa sawa na yaliyotoka. Yalikuwa yakitoka wapi? Kwenye chemchemi, kwenye vinamasi, na kwenye mito inayoendelea kutiririka hata Februari kukiwa hakuna wingu. Kila lita unayoipiga pampu, alisema, lazima itoke mahali: ama kwenye akiba iliyomo mwambani, ama kwa kuvuta maji zaidi yaingie, ama kwa kuinyima chemchemi na mto uliokuwa ukinywa hapo. Ukichota kiasi kilekile kinachoingia, chemchemi itakauka, hata kama vitabu vyako vya hesabu vinaonyesha hujapunguza kitu.

Kwa hiyo suala la maji ya chini ni suala la bonde zima la mto. Hapa kwetu bonde hilo ni la Athi. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, na chemchemi za Kikuyu ndizo zilizounyweshea mji huu maji ya mfereji mwanzoni mwa karne ya 20. Mto Nairobi, Mathare, Ngong na Mbagathi yote huishia kwenye Athi. Athi hukutana na Tsavo na kuitwa Galana, na Galana hufika pwani ikiitwa Sabaki, ikamwagikia baharini kaskazini mwa Malindi. Ule mto Tsavo hupata maji ya chemchemi za Mzima, ambazo ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyosafiri ndani ya mawe ya volkano. Tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji ya Mzima huenda Mombasa kwa bomba. Mwenye kisima mtaa wa Kilimani hapa Nairobi na mwenye mfereji Malindi wamo kwenye bonde moja.

Nairobi yenyewe imelichanganya jambo hili zaidi. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji hatuyapati kwenye bonde letu. Yanatoka bonde la Tana, kwenye mabwawa ya Sasumua, la mwaka 1956, na Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na linalobeba mita za ujazo milioni 70 hivi. Tunayatumia, tunayachafua, kisha tunayaachilia kwenye mito ya bonde la Athi, mengine yakiwa yamepita mabwawa ya kusafishia kule Ruai, mengine yakiwa hayakupita popote. Ndakaini ikipungua, kama ilivyokuwa Januari 2017 mgao ulipoanza, kila mwenye uwezo hutafuta mashine ya kuchimba. Mwaka wa ukame ndio mwaka wa visima. Na kisima kilichochimbwa kwa hofu ya ukame hakizibwi mvua ikirudi.

Sheria tunayo, na si mbaya. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali zote za maji ziko mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi. Hati yako ya ploti inakupa udongo. Haikupi maji yapitayo chini yake. Anayetaka kuchimba lazima kwanza alete ripoti ya mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, apate idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, achimbe, apime kwa kupiga pampu, kisha ndipo apewe kibali chenye kiwango cha kuchota kwa siku. Anatakiwa kufunga mita, na lile bomba jembamba la kuteremshia utepe. Kipimo cha pampu hufanywa kwa saa 24 mfululizo, huku fundi akisoma utepe kila baada ya dakika chache, halafu pampu ikizimwa anaendelea kusoma maji yakipanda. Kasi ya kupanda ndiyo inayosema ukweli kuhusu kisima. Nimeona watu wakilipa pesa nyingi za kuchimba kisha wakakataa kulipia usiku mmoja wa kipimo hiki, na inaniuma, kwa sababu ndio usiku pekee ambao mwamba unaulizwa maoni yake.

Hata wakoloni walikwisha kuona hatari. Katika miaka ya 1950 eneo la Nairobi lilitangazwa kuwa la kuhifadhi maji ya chini, wakati visima vilikuwa vichache. Leo ni maelfu, ukijumlisha vyenye vibali na visivyo navyo: vya hoteli, viwanda, shule, makanisa, maghorofa ya kupanga, na vile ambavyo serikali ilichimba kwenye mitaa ya mabanda kuanzia mwaka 2020 ili watu waache kununua mtungi kwa bei ya kukomoa. Hivyo vya mwisho sitavilaumu. Mama anayelipia mtungi wa lita 20 mara kadhaa kwa siku anadai haki yake ya Kifungu cha 43 cha Katiba, na si yeye aliyeshusha maji ya mtaa wa kitajiri wa Karen.

Kinachokosekana ni msimamizi wa yote kwa pamoja. Tuna vibali vya kisima kimojakimoja, lakini mwamba ni mmoja. Ukitaka kuona tofauti, fuata bonde letu hadi chini kabisa, Baricho, kando ya Sabaki. Pale kuna visima vilivyochimbwa pamoja kwenye mchanga wa ukingo wa mto, na maji yake huenda Malindi, Kilifi na Mombasa. Mchanga unayachuja maji ya mto yanapojongea kuelekea kwenye pampu, mto nao unaujaza mchanga. Visima vyote ni vya mradi mmoja. Kimoja kikipumzishwa, kingine kinabeba, na mtu mmoja anaweza kuuliza leo maji yako wapi katika visima vyote akapata jibu. Ndivyo uwanja wa visima unavyotakiwa kuwa. Sisi Nairobi tuna uwanja mkubwa kuliko huo, lakini kila kisima kina bwana wake, swichi yake na siri yake.

Kuna mfano mwingine karibu nasi, nao ndio ulionibadilisha mawazo kuhusu mvua. Dodoma inategemea uwanja wa visima wa Makutupora, na Watanzania wamekuwa wakiandika kina cha maji pale tangu miaka ya 1950. Watafiti walipoikusanya rekodi ya miaka 55 waliona kwamba mwamba ule haujazwi kidogokidogo kila mwaka. Hupita misimu na misimu ukishuka tu, kisha inakuja mvua moja kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, na kiwango kinapanda kwa kishindo. Hesabu ya wastani wa mwaka ingewadanganya. Bila mtu kuteremsha utepe kisimani kwa miongo yote hiyo, mvua iwepo isiwepo, jambo hilo lisingejulikana.

Sasa rudisha fikira hapa. Msimamizi mmoja mwenye takwimu za visima vyote vya Nairobi angeweza kufanya kitu ambacho hakuna landilodi anayeweza kukifanya peke yake: kuvipumzisha visima mabwawa yakijaa, na kuvitegemea mabwawa yakikauka. Mwamba ni bwawa lisilopoteza maji kwa jua. Sisi tunafanya kinyume. Wenye visima wanapiga pampu mwaka mzima kwa sababu mfereji hauaminiki, na ukame ukija wanakuta wameshaila akiba.

Gharama yake inaonekana kwenye bili ya stima. Kuinua mita moja ya ujazo, yaani mitungi 50 ya lita 20, kutoka kina cha mita 200 kunahitaji zaidi ya nusu uniti ya umeme hata kama pampu ingekuwa haina hasara yoyote. Pampu ya kawaida hupoteza karibu nusu, kwa hiyo hesabu uniti moja na zaidi. Maji yakishuka mita 50 zaidi, bili ya kuyainua inapanda kwa robo. Mpangaji ndiye anayeilipa, ingawa hakuna mahali kwenye risiti pameandikwa “faneli”.

Na kuna jambo la meno. Maji ya miamba yetu ya volkano huwa na floraidi, na visima vingi vya Nairobi hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekua akinywa maji hayo meno yake hutoka na madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa cha juu kwa miaka mingi, mifupa nayo huumia. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria floraidi inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Klorini nayo haiigusi. Chujio la makaa ya mifupa huiondoa, na kuchanganya maji ya kisima na ya mfereji au ya mvua huipunguza. Mwenye nyumba anayeuza maji bila kupima floraidi anawafanyia watoto wa wapangaji wake jambo ambalo dawa ya meno haitalifuta. Nasema hivi nikijua kwamba mimi mwenyewe nilipima mwaka wa tatu, si wa kwanza.

Je, maji moto ya mtungi yanaweza kuongezwa? Kwa kiasi. Paa la mita za mraba 200, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 180,000, na leo nyingi zinakimbilia mtaro na kufurika barabarani. Zikikusanywa kwenye matangi, ni siku nyingi ambazo pampu haitawashwa. Kuzirudisha ardhini kunawezekana pia, lakini si kwa kuelekeza mfereji wa paa kwenye mdomo wa kisima, kama ninavyosikia baadhi ya watu wakishauriana. Vinyesi vya ndege na vumbi la barabara vikiingia mita 200 chini, hakuna fundi wa kuvifuata. Pa kuanzia ni magharibi: Ondiri isivamiwe, misitu ya Ngong isimegwe, mashamba ya Kikuyu na Limuru yasigeuzwe saruji yote. Kila ploti inayowekwa lami huko juu inafunga tundu dogo ambalo mwamba wetu hupitishia maji.

Sheria ya Maji inaruhusu pia watumiaji kuunda jumuiya zao za rasilimali za maji. Vijijini zipo nyingi, hasa kando ya mito ambako watu huonana uso kwa uso wakigombania mfereji wa kumwagilia. Mjini hatuonani, kwa kuwa ugomvi wetu uko gizani mita 200 chini.

Kwenye barabara yetu nimehesabu visima saba. Mwezi jana niligonga mageti, na wenyewe wanne, nikiwemo mimi, tumekubali jambo moja: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, pampu zote zikiwa zimezimwa tangu usiku, fundi yuleyule atapita na utepe wake. Wawili wanadhani nawachunguzia serikali. Mmoja hakuwa na bomba jembamba, na fundi anasema italazimu pampu itolewe ili liwekwe. Daftari ni la kurasa 96, la kawaida la shule, na keateka ndiye anayelitunza. Ukurasa wa kwanza una namba nne. Cha kwetu kimesimama palepale alipokiacha fundi. Cha ghorofa la kona, ambalo lina wapangaji wengi kutuzidi sote, kiko chini kwa mita tisa zaidi, na mwenyewe alipoiona namba hiyo aliuliza kama tunaweza kupanga zamu za usiku.